Je, Wajua? Ireland, Nchi Inayosoma kwa Sauti

Nchini Ireland, waandishi kukutana jioni, kusoma kazi zao mbele ya watu na kuzijadili ni desturi yenye mizizi mirefu. Tazama maajabu haya sita!

Riwaya moja, karibu saa 30 hewani
Tarehe 16 Juni 1982, redio ya taifa, RTÉ, ilianza kusoma Ulysses ya James Joyce na haikuacha hadi neno la mwisho, karibu saa 30 mfululizo! Msikilizaji angeweza kulala usiku kucha, akaamka na kukuta bado inasomwa. Riwaya hiyo huwatisha wengi kwa ugumu wake, lakini imejaa sauti za mitaa ya Dublin; ukiisikia, inafunguka.

Mashairi yaliyotungwa gizani
Katika shule za kale za ushairi wa Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, wanafunzi walilala vitandani katika vyumba vyenye giza, kutwa nzima, wakitunga kichwani! Taa zililetwa usiku, ndipo wakaandika, kisha wakawasilisha kazi zao mbele ya walimu. Vina na mizani vilikaa kwanza kwenye kumbukumbu, karatasi ikafuata.

Watoto walioandika kurasa 740,000
Kati ya 1937 na 1939, watoto wa shule wapatao 50,000 walitumwa kwa wazee wao kukusanya ngano, vitendawili na tiba za asili. Zilipatikana kurasa zipatazo 740,000! Maneno ambayo yangezikwa pamoja na wenyewe yanasomeka hadi leo.

Nobel iliyoanzia sebuleni
Mwaka 1963, Philip Hobsbaum, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, Ireland ya Kaskazini, alianza kuwaalika waandishi chipukizi nyumbani kwake. Kazi ya mmoja wao iligawiwa mapema, mwenyewe akaisoma kwa sauti, kisha wenzake wakaichambua bila kumwonea haya. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu kijana, Seamus Heaney, ambaye mwaka 1995 alitwaa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kipaji kilikuwa chake. Wasikilizaji wakweli walikinoa.

Uwanja mzima wampigia makofi mshairi
Heaney alifariki tarehe 30 Agosti 2013. Siku mbili baadaye, watu zaidi ya 80,000 waliokwenda Croke Park, Dublin, kutazama nusu fainali ya kandanda ya Kigaeli, mchezo wa jadi wa Ireland, walimpigia makofi ya heshima. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, wenye viti 60,000, usingewatosha! Mshairi aliagwa kama shujaa wa watu wote, si wa wasomi peke yao.

Euro 325 kila wiki ili mtu aandike
Mwaka 2022, serikali ya Ireland ilianza mpango wa majaribio wa kuwalipa wasanii 2,000, waandishi wakiwamo, euro 325 kwa wiki. Walipatikana kwa kura ya bahati nasibu! Kwa mwandishi, fedha hiyo ilikuwa saa za kukaa mezani na kuandika bila kuhangaikia kodi ya nyumba.

Nawe msomaji, usiku wa leo chagua ukurasa mmoja unaoupenda, umsomee mwenzako kwa sauti, kisha mjadiliane.