Si kila ‘maji’ ya gari ni maji: A-unganifu na hatari yake gerejini

KATIKA gereji za mitaani, kuanzia Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi hadi vibanda vya jua kali pembezoni mwa miji midogo, ipo sentensi ambayo wenye magari wengi wamewahi kuambiwa: “Mkubwa, betri yako inataka maji.” Sentensi hii haina kosa la sarufi. Upatanisho wa kisarufi umezingatiwa, kitenzi ‘taka’ kimetumiwa kwa maana ya ‘hitaji’ kama ilivyozoeleka, na msikilizaji huielewa papo hapo. Tatizo ni kwamba anaweza kuielewa visivyo, na akiielewa visivyo anaweza kuharibu betri, suruali au jicho.

Neno ‘maji’ limebebeshwa mzigo mzito chini ya boneti. Kuna maji ya betri, maji ya rejeta na maji ya waipa. Jirani yake, neno ‘mafuta’, nalo halikuachwa nyuma: mafuta ya gari (yaani petroli au dizeli), mafuta ya injini, mafuta ya gia, mafuta ya usukani, mafuta ya breki. Majina haya mawili, yote ya ngeli ya YA-YA, yamegawana karibu kila kitu kinachomiminika ndani ya gari. Wanaisimu huuita mchakato huu upanuzi wa maana, na hakuna lugha isiyoupitia. Lakini viowevu vyenyewe havina habari na semantiki. Kimoja kikitiwa mahali pa kingine, hasara hufuata.

Chanzo cha utata ni kile kihusishi kidogo tunachokiita a-unganifu. Tazama: ‘maji ya kisima’ hueleza maji yanakotoka. ‘Maji ya kunywa’ hueleza kazi yake. ‘Maji ya dafu’ ni yale yaliyomo ndani ya dafu lenyewe. Uhusiano ni wa aina tatu, kihusishi ni kimoja. Sasa, ‘maji ya betri’ ni kama ya dafu au ni kama ya kunywa?

Jibu ni kuwa yote mawili yanasemwa, na hapo ndipo penye hatari. Yakichukuliwa kama ya dafu, yaani yaliyomo ndani ya betri, basi si maji hata kidogo. Ni asidi ya salfuriki, au tindikali kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania, iliyochanganywa na maji. Katika betri iliyojaa chaji, zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo ni asidi. Yakichukuliwa kama ya kunywa, yaani maji ya kutiliwa betri, basi ni maji yaliyokenekwa: yamechemshwa, mvuke wake ukapozwa ukawa maji tena, chumvi na madini yakabaki nyuma. Viowevu vyote viwili havina rangi, na vyote hupatikana vikiwa katika chupa za plastiki. Mteja anayeingia katika duka la spea na kusema “nipe maji ya betri” atapewa kile ambacho muuzaji amekielewa, si lazima kile alichokusudia.

Kwa nini tofauti hii ni kubwa kiasi hicho? Betri ya gari inayotumia risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1, ndiyo maana ikijaa hupima kama 12.6. Katika kila chumba mna bamba za risasi zilizozama ndani ya asidi. Betri inapochajiwa, hasa ikizidishiwa chaji au ikipata joto jingi, sehemu ya maji hugawanyika ikawa gesi za hidrojeni na oksijeni, zikatoka. Asidi haitoki. Kwa hivyo kinachopungua ni maji na kinachobaki ni asidi iliyokolea zaidi. Mchuzi ukikauka jikoni, hakuna mpishi anayeongeza chumvi, huongeza maji. Anayetia asidi katika betri ambayo maji yake yamepungua kwa matumizi anaongeza chumvi kwenye mchuzi uliokauka, na bamba zake zitalika kabla ya wakati. Maji ya mfereji nayo, hata yakiwa safi ya kunywa, yana madini yanayozidhuru bamba hizo.

Kiwango nacho kina utaratibu. Kioevu kinapaswa kuzifunika bamba na kupita kidogo juu yake. Ikiwa betri imeisha chaji, ongeza maji ya kufunika bamba tu, uichaji, kisha ujazie hadi alama, kwani kioevu hutanuka wakati wa kuchaji na ukijaza mapema asidi itafurika. Betri nyingi za siku hizi zimefungwa na haziongezewi chochote. Fundi akikuambia betri ya aina hiyo inataka maji, muulize atayatilia wapi.

Hiyo hidrojeni niliyoitaja ndiyo inayofanya betri ilipuke. Inatosha iwe asilimia 4 ya hewa iliyo karibu ili cheche iiwashe. Wapo wanaowasha kiberiti usiku ili wachungulie ‘maji’, na ukifikiria jina lenyewe huwezi kuwalaumu sana: nani anaogopa kuwasha kiberiti karibu na maji? Tumia tochi, iwashe kabla ya kuinama, na usivute sigara hapo. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu. Vua pete na saa ya chuma pia, kwa kuwa spana au pete ikiunganisha ncha mbili za betri hupitisha mkondo mkali unaoweza kuifanya pete iwe nyekundu kidoleni. Asidi ikiruka ikaingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitalini hata kama maumivu yamepoa. Ikidondokea nguo ya pamba hutaona kitu siku hiyo. Matundu utayaona baada ya kufua.

Na kwa hisani yako, usihamishie asidi katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu anasoma umbo la chupa kabla ya kusoma maandishi.

Tukiwa bado kwenye betri, kuna maneno mawili ambayo shule zetu zimeyafundisha vizuri lakini gereji haijayapokea: chanya na hasi. Siku hizi tunayasikia zaidi katika mahojiano ya redio kuhusu mtazamo chanya na mtazamo hasi kuliko yanapohusu umeme. (Mfugaji naye akisikia ‘hasi’ anamfikiria fahali.) Fundi husema ‘positivu’ na ‘negativu’, na sina ugomvi naye, mradi afuate utaratibu. Unapoitoa betri, anza na waya wa hasi. Unapoirudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho. Hasi imeunganishwa na bodi ya gari. Ukianza na chanya huku hasi ingali imefungwa, spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya umeme utapita hapo hapo na cheche zitaruka karibu na ile hidrojeni.

Kanuni hiyo hiyo hutawala kile ambacho madereva huita kujampu gari. Waya mwekundu hufungwa kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi hufungwa kwenye hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho haiendi kwenye betri iliyokufa. Hufungwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri, kwa sababu muunganisho wa mwisho ndio unaotoa cheche. Kufungua hufuata mpangilio wa kinyume.

Neno ‘risasi’ nalo lina sura mbili. Kwa wengi ni ya bunduki. Ile ya betri ni madini yale yale, na huua polepole zaidi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walilijua hilo kwa gharama kubwa baada ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kufunguliwa jirani yao. Phyllis Omido aliyeongoza kampeni yao alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru jamii hiyo ilipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, uamuzi uliozua rufaa zilizochukua miaka. Betri iliyokufa haivunjwi nyumbani, na asidi yake haimwagwi mtaroni.

Tuje kwenye rejeta. Hapa wasemaji hutuambia “gari imechemsha.” Mwalimu atasahihisha mara mbili: gari ni la ngeli ya LI-YA, kwa hivyo ‘limechemka’, na kauli ya kutendesha inahitaji yambwa. La kwanza nakubali. La pili ninasita, maana injini kwa kweli imechemsha kitu: imechemsha maji. Tena hayachemki kama ya sufuria. Ufuoni Mombasa maji hutokota kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi, ambayo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hutokota kwa takriban nyuzi 95, na huko Timboroa ni chini ya hapo. Kifuniko cha rejeta hushikilia shinikizo ili maji yapite nyuzi 100 bila kutokota. Ukikifungua injini ikiwa moto, shinikizo hutoweka, na maji yaliyokuwa yametulia hugeuka mvuke mara moja, usoni pako. Zima gari, subiri angalau nusu saa, kisha fungua polepole ukitumia kitambaa kizito.

Hata hayo ‘maji ya rejeta’ hayapaswi kuwa maji matupu. Kioevu kinachofaa, ambacho mafundi hukiita kulanti, huzuia kutu na huchelewesha kutokota. Mara nyingi kina glaikoli yenye ladha tamu ambayo ni sumu kwa mtoto na kwa mbwa, kwa hivyo kilichomwagika sakafuni kioshwe.

Upande wa mafuta, oili ya injini haina utata mwingi. Simamisha gari mahali tambarare, zima, ngoja dakika chache, chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, ukichomoe tena. Alama ya oili iwe kati ya kiwango cha chini na cha juu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani na gari lisiendeshwe.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jina ‘mafuta ya breki’. Kioevu kinachotumika katika magari mengi si mafuta kamwe. Hutengenezwa kwa glaikoli, na hunyonya unyevu wa hewani. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya hutokota kwa nyuzi zisizopungua 230. Ikishanyonya maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu kama wa Salgaa, breki zikipata moto, kioevu kikuukuu kinaweza kutokota, mvuke ukaingia kwenye mabomba na pedali ikazama hadi chini bila kushika. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi hata kama hakijapungua. Na mtu akilisadiki jina, akamimina oili ya injini kwenye kikopo cha breki, mipira ya ndani itavimba na breki zitakufa. Aidha, kioevu hiki hakiliwi na gari kama oili. Kikipungua, ama padi zimelika au kuna mahali kinapovuja. Kuongeza tu na kuondoka ni kuficha dalili.

Je, tuunde istilahi? Wapo wataalamu watakaopendekeza ‘kipoozi’ kwa kulanti na maneno mengine mazuri, na siwapingi. Ila istilahi ikikaa kamusini pasipo fundi kuijua haimwokoi mtu. Magari mengi ya Kenya huja yakiwa yametumika Japani, vibandiko vyake chini ya boneti vikiwa vya Kijapani au Kiingereza, hivyo maelezo pekee ya Kiswahili ambayo mwenye gari hupata ni yale ya mdomo wa fundi. Ningependelea ‘kulanti’ na ‘asidi’, maneno ya mkopo yanayomshtua msikilizaji kidogo, kuliko ‘maji’ yanayomtuliza asipostahili kutulia. Pale tunapong’ang’ania neno letu, sarufi yenyewe ina tiba: weka kitenzi baada ya a-unganifu. ‘Maji ya kuongezea betri’ hayawezi kuchanganywa na ‘asidi ya betri’. Ni silabi chache tu zaidi, na mwenye duka ataelewa.

Yanabaki maji ya waipa. Hayo ni maji kweli, tia sabuni kidogo.