Kidonda Kimepona, Maumivu Yamebaki

Ndugu Waislamu, aliyepasuliwa tumbo, kama mama aliyejifungua kwa upasuaji, hutarajia kwamba kidonda kikifunga na maumivu yatakwisha. Wako wasiojaaliwa hivyo. Miezi mitatu hupita, naye angali akiungua na kuchomwa mithili ya sindano chini ya tumbo, kinenani, hata pajani. Wengine hawawezi kukaa kwa maumivu ya kifandugu.

Jamaa zetu wa Tanga, Pangani na Muheza wasiharakie kusema ana jini, au anadeka. Neva iliyokatwa au kubanwa na kovu huweza kuuma muda mrefu ilhali ngozi imepona. Vidonge vya kawaida vya maumivu aghalabu havitoshi. Ziko dawa za neva, na sindano ya ganzi penye kovu, ambayo hutuliza na humwonyesha daktari chanzo. Wa kifandugu hufaidika na mto wenye uwazi nyuma. Basi arejee hospitali, kama ile ya Bombo, aeleze bila haya. Akipata homa, usaha, ganzi ya miguu au akishindwa kukojoa, asingoje.

Na sala je? Imran bin Huswayn (r.a.) aliugua bawasiri. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza asali kwa kusimama, akishindwa, kwa kukaa, akishindwa, kwa ubavu. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Basi mgonjwa asilazimishwe kikao cha tahiyatu kinachomtesa. Akae awezavyo, hata kitini.

Kumsadiki mgonjwa ni mwanzo wa kumuuguza.