Matibabu ya Ulevi na Gharama za Hospitali



Mwanachama anapougua kabla ya msimu, aghalabu hutafuta fedha za hospitali kwa butura, yaani huuza kahawa ingali mtini kwa bei ya chini. Kahawa hiyo haifiki chamani. Kwa wanywaji wa kupindukia, maradhi hayo hujirudia: ini, vidonda vya tumbo, majeraha, na kifua kikuu kisichopona kwa sababu dawa zimeachwa. Basi tujiulize: kumtibu mlevi ni hasara au ni akiba?

Ulevi ni ugonjwa unaotibika. Mgonjwa wa nje halazwi. Hufika kliniki siku alizopangiwa, hupimwa, hupewa ushauri na, ikibidi, dawa, kisha hurudi kwenye migomba na mibuni yake. Huko Moshi, hospitali ya KCMC imejaribu mpango uitwao “Punguza Pombe Kwa Afya Yako”, ambamo wauguzi huzungumza kwa muda mfupi na majeruhi wanaokunywa.

Kuhusu gharama, Harold Holder na James Blose wa Marekani walifuatilia kwa miaka 14 hesabu za matibabu za wafanyakazi wa kampuni moja na jamaa zao. Taarifa yao ya mwaka 1992 ilionyesha kwamba gharama hupanda kabla ya tiba ya ulevi, kisha hushuka. Gharama za waliotibiwa zilikuwa pungufu kwa asilimia 24 kuliko za walevi wasiotibiwa. Asilimia hiyo ni ya kwao, isinakiliwe katika makisio yetu. Lililo muhimu ni mwenendo wake.

Kwa hiyo yazingatiwe haya:

1. Tiba isihukumiwe kwa mwezi wa kwanza, kwani hapo mahudhurio na vipimo huongezeka. Hesabu ifanywe kwa misimu miwili au zaidi.

2. Anayekunywa lubisi au gongo kila siku asikatizwe ghafla nyumbani. Aweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege na kufa. Amwone kwanza mganga katika zahanati au hospitali, iwe Bukoba, Rubya au Ndolage. Huenda akalazwa siku chache.

3. Siri ya mgonjwa isisomwe mkutanoni.

Mwanachama aliyetibiwa mapema hana haja ya butura, na kahawa yake itapimwa kwenye mizani ya chama.