Klabu ni ya Nani?

Timu ikishinda, kila mtu ni mwenyewe. Ikishindwa, kila mtu huuliza mwenyewe ni nani. Jambo hili twaliona hapa Dar es Salaam mwaka baada ya mwaka. Siku ya ushindi, Mtaa wa Msimbazi au Mtaa wa Twiga hujaa ngoma na vigelegele mpaka usiku. Siku ya kushindwa, watu wale wale husimama mbele ya lango lile lile wakidai viongozi wajiuzulu, mwalimu wa timu aondolewe, na fedha za klabu zielezwe zimekwenda wapi. Wanaodai ni wachukuzi wa bandarini, makarani, mafundi, madereva na wauza samaki wa Feri, watu waliolipa kiingilio kwa jasho lao. Hasira yao hatuidharau hata kidogo. Aliyetoa shilingi yake ana haki ya kuuliza.

Lakini liko swali jingine ambalo wapenzi wa mpira hawalipendi, nalo ni hili: hasira hiyo ina nguvu gani? Mtu anapopiga kelele nje ya lango, ndani ya lango kuna nani wa kulazimika kumsikiliza? Ili kulijibu swali hilo twataka leo kukitazama kisa cha klabu ya mbali, ambayo hata hivyo ndugu zetu wengi huijua kama ya mtaani kwao. Jumamosi wakitoka kazini hujazana katika vibanda vya televisheni kuitazama, na jezi yake nyekundu imevaliwa katika kila wilaya ya nchi hii. Twasema habari za Manchester United ya Uingereza.

Klabu hiyo haikuanzishwa na matajiri. Ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa karakana ya reli huko Newton Heath, katika mji wa Manchester, watu waliotengeneza mabehewa mchana na kucheza mpira baada ya kazi. Rangi zao za kwanza zilikuwa kijani na dhahabu. Mwaka 1902 klabu ilizama katika madeni, ikaokolewa na mwenye kiwanda cha pombe aliyeitwa John Henry Davies, na ndipo ilipopewa jina la sasa. Tangu hapo watu wa mji ule wameibeba katika raha na katika msiba. Februari 1958 ndege iliyowachukua wachezaji ilianguka mjini Munich, wakafa watu 23, wanane kati yao wakiwa wachezaji. Mji mzima uliomboleza kama nyumba moja. Hivyo mtu wa Manchester anaposema "klabu yetu", hasemi neno la mzaha. Anasema la urithi.

Walakini urithi wa moyoni si urithi wa hati. Mwaka 1991 hisa za klabu zilipelekwa katika soko la hisa la London, na tangu siku ile klabu ikawa bidhaa: mwenye fedha angeweza kuinunua. Mwaka 1998 kampuni ya televisheni ya BSkyB ilijitokeza na pauni milioni 623. Wapenzi wa klabu hawakuishia kupiga kelele. Walijipanga, wakaandika, wakapeleka hoja zao mbele ya tume ya Serikali iliyouchunguza ununuzi ule, na Aprili 1999 Serikali ikaukataza. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, na twaomba msomaji aukumbuke, kwa kuwa waliupata kwa hoja na utaratibu.

Lakini mlango haukufungwa, ulirudishwa tu. Wapenzi walijaribu kununua hisa wenyewe, kidogo kidogo, ili wapate sauti, lakini mshahara wa mfanyakazi haushindani na hazina ya tajiri. Mwezi Mei 2005, matajiri wawili wa Ireland waliokuwa na zaidi ya robo ya hisa walikubali kuuza, na Mmarekani Malcolm Glazer akaitwaa klabu kwa thamani ya pauni milioni 790 hivi. Hata wenye hisa chache waliokataa kuuza walilazimika kuuza kwa mujibu wa sheria ya makampuni.

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza jinsi bei ile ilivyolipwa, maana hapo ndipo kiini cha manung'uniko yote yaliyofuata. Zaidi ya nusu ya fedha zile zilikuwa za mkopo, na sehemu kubwa ya mkopo huo iliwekewa rehani mali ya klabu yenyewe. Klabu ambayo haikuwa na deni iliamka ikiwa na deni la mamia ya mamilioni. Ni kama mtu anayenunua mashua kwa fedha za kukopa, kisha akawaambia wavuvi: "Deni hili ni la mashua, lilipeni kwa samaki mtakaovua." Katika miaka iliyofuata riba peke yake ilikula mamia ya mamilioni ya pauni. Fedha hizo zilitoka katika tiketi, katika jezi na katika haki za televisheni. Yaani zilitoka mfukoni mwa yule yule aliyekuwa akilalamika.

Wapenzi walifanya nini? Baadhi yao waliondoka. Mwaka ule ule wa 2005 waliunda klabu yao, FC United of Manchester, wakaanza chini kabisa katika ngazi ndogo za mpira wa Uingereza. Katiba yao inasema kila mwanachama ana kura moja, awe tajiri au maskini, na mwaka 2015 walifungua kiwanja chao wenyewe. Wengine walibaki na kupigana ndani ya jukwaa. Mwaka 2010 maelfu walivaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za wale mababu wa reli. Hata David Beckham, mchezaji wao wa zamani aliyekuja na timu ya Milan, aliiokota skafu moja na kuivaa shingoni alipokuwa akitoka kiwanjani. Ulimwengu ukaona, ukasifu. Lakini wenye mali hawakuhama.

Kwa nini hawakuhama? Kwa sababu skafu haina kura. Mwaka 2012 hisa za klabu zilipopelekwa katika soko la New York, ziligawanywa makundi mawili: hisa iliyouzwa kwa watu wote ilipewa kura moja, na hisa iliyobaki kwa familia ya Glazer ilipewa kura kumi. Hapo ubishi wote ulikwisha. Ungeweza kununua kipande cha klabu, lakini usingeweza kununua neno ndani yake.

Ni haki tuseme pia upande wa pili. Chini ya wamiliki hao timu ilitwaa ubingwa wa Uingereza mara tano, wa mwisho mwaka 2013, na ubingwa wa Ulaya mwaka 2008. Walikuwako wengi waliosema, "Deni si neno, maadamu tunashinda." Huo ndio usingizi mbaya kuliko wote. Ushindi ulifunika hesabu kama majani yanavyofunika shimo, na mwalimu mkuu Alex Ferguson alipostaafu mwaka 2013, majani yalikauka na shimo likaonekana. Katika msimu wa mwaka 2024 na 2025 timu ilimaliza ikiwa ya 15 katika ligi ya timu 20.

Msiba hauji peke yake. Aprili 2021 wamiliki wa klabu 12 kubwa za Ulaya, Manchester United ikiwamo, walitangaza kwamba wanaunda ligi yao wenyewe, bila kumwuliza mpenzi hata mmoja. Ghadhabu iliyowaka katika miji ya Uingereza ilikuwa kali hata ndani ya siku mbili klabu zote sita za nchi hiyo zikajitoa. Tarehe 2 Mei watu wa Manchester waliingia kiwanjani Old Trafford, na mchezo wao na Liverpool ukaahirishwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 tajiri wa Uingereza, Jim Ratcliffe, alinunua zaidi ya robo ya klabu na kukabidhiwa uendeshaji wa timu. Wingi wa kura ukabaki kwa familia ile ile. Watu walitumaini nafuu. Kilichofuata ni wafanyakazi wapatao 250 kupunguzwa kazini mwaka ule, na chakula cha bure cha mchana cha waliobaki kuondolewa baadaye. Mwezi Novemba, katikati ya msimu, tiketi zilizosalia kwa wanachama zilipandishwa hadi pauni 66, bila nafuu kwa mtoto wala kwa mzee. Basi klabu iliyozaliwa karakanani ilianza kubana matumizi kwa kumbana mfanyakazi, na kuongeza mapato kwa kumbana mzee na mjukuu wake.

Mtu atasema: huo ndio mwendo wa dunia, mpira wa leo hauwezi kuendeshwa vingine. Si kweli. Huko Ujerumani, tangu mwaka 1998, kanuni ya ligi yao yataka wanachama wa klabu wawe na zaidi ya nusu ya kura, hata kama mwenye fedha ameleta fedha kiasi gani. Wamo waliopewa ruhusa ya kipekee, kama Leverkusen na Wolfsburg, na wamo wanaotafuta vichochoro; lakini kanuni imesimama. Ilipotangazwa ile ligi ya matajiri mwaka 2021, Bayern Munich na Borussia Dortmund hawakujiunga. Tena mwanzoni mwa mwaka 2024, viongozi wa ligi ya Ujerumani walipotaka kumwuzia mwekezaji sehemu ya mapato ya televisheni, wapenzi walirusha mipira ya tenisi viwanjani wiki baada ya wiki mpaka michezo ikasimama. Mwezi Februari mpango ule ukaachwa.

Hasira ya Manchester haikuwa ndogo kuliko ya Ujerumani. Tofauti ni kwamba mpenzi wa Ujerumani akipiga kelele jukwaani, siku ya mkutano mkuu hukaa kitini na kupiga kura. Kelele yake ina mguu wa kusimamia. Uingereza yenyewe imeanza kuutambua upungufu huo. Mwaka 2025 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuweka msimamizi huru wa mpira, na klabu zimetakiwa kuwashauri wapenzi wao. Ni hatua njema, lakini imekuja miaka 20 baada ya mali kuuzwa.

Sasa turudi nyumbani, maana hatukusafiri mbali kwa ajili ya kustaajabu tu. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na klabu tuijuayo leo kwa jina la Simba mwaka 1936. Hizo ni klabu za wanachama. Mali yao ilijengwa kwa ada na michango ya watu wa kawaida. Sisi nasi tumeufikia mlango ule ambao Manchester waliupita mwaka 1991. Klabu zetu zahitaji fedha za wawekezaji, wala hatusemi wafukuzwe. Mkono mtupu haulambwi. Serikali imeweka kanuni kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Kanuni hiyo ni ngao njema. Lakini ngao iliyotundikwa ukutani haimkingi mtu vitani.

Asilimia 51 ni ya wanachama, si ya washangiliaji. Na hapa hatuna budi kuambiana ukweli. Kati ya wale wanaosimama langoni siku ya kushindwa, ni wangapi wana kadi? Kati ya wenye kadi, ni wangapi wamelipa ada ya mwaka huu? Kati ya waliolipa, ni wangapi waliwahi kuisoma katiba ya klabu, au kuhudhuria mkutano mkuu mpaka ukafika kwenye ajenda ya hesabu, badala ya kuondoka mara baada ya hotuba za vijembe kwa watani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama asiyeuliza daftari katika mwaka wa ushindi hana haki ya kushangaa akilikosa katika mwaka wa kushindwa.

Kwa viongozi wa klabu nako tuna neno. Mwanachama anayeuliza habari za fedha si adui, wala hakutumwa na watani. Wekeni hesabu zilizokaguliwa mahali ambapo mchukuzi wa bandarini anaweza kuzisoma, katika lugha anayoielewa. Mkataba wa mwekezaji usomwe mbele ya wanachama kabla ya kutiwa saini, si baada yake. Kiongozi anayeficha daftari hujenga lango ambalo siku moja litavunjwa kwa mawe.

Wale mafundi wa reli wa mwaka 1878 waliwaachia wana wao klabu, lakini hawakuwaachia kura. Sisi kura bado tunayo. Basi, ndugu, kabla ya msimu kuanza, nenda kwenye tawi lako, lipa ada, chukua kadi, omba nakala ya katiba. Siku ya mkutano mkuu fika mapema, na hotuba zikiisha, usiondoke. Kaa. Mweka hazina ndiye anayefuata.