Vibao vya Mapacha: Mchezo wa Mtoto Kabla ya Kwenda Chuoni



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni mchezo wa mtoto ambaye bado hajaanza chuo, au ndiyo kwanza anaanza. Huenda baadhi yenu wakastaajabu kumwona mwalimu wa Kurani akiacha habari za sala na saumu akashika habari za michezo. Lakini lililotufanya tushike kalamu ni kosa letu wenyewe, nasi twaona ni heri kulitoa mbele yenu ili lisirudiwe.

Palikuwa chuoni kwetu mtoto wa miaka mitano ambaye kila akiulizwa ubaoni, bee huiita tee, na jimu huiita khee. Tulimwonya, tukamkemea, kisha tukamchapa, kwa kudhani kuwa ni mkaidi. Siku ya pili yake hakuja. Jioni alikuja bibi yake, mkononi ana kifuko cha nguo. Akatwambia, "Mwalimu, mjukuu wangu si mkaidi wala si mjinga. Nimekata vipande vya kanga kuukuu, viwili viwili, nikamwambia anitafutie pacha wa kila kimoja. Nikimtandazia mapajani hakosei. Nikivitandaza upande wa pili wa mkeka, huonyesha ovyo. Mtoto haoni mbali." Alipopelekwa hospitali, daktari alisema maneno hayo hayo, naye akapewa miwani. Sisi tuliokaa na watoto miaka mingi hatukuliona alilolionа mwanamke yule kwa matambara yake. Tulimwomba radhi yeye, na mtoto pia tulimwomba radhi, wala hatukuona haya, kwani dhuluma ni dhuluma hata ikiwa aliyedhulumiwa ni mdogo.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukitengeneza michezo ya namna ile. Wala asidhani mtu kwamba mchezo ni kupoteza wakati. Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimfikie, alikuwa akicheza na wanasesere wake, na habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Imamu Ghazali naye, katika kitabu chake cha Ihya, ameusia kwamba mtoto baada ya masomo apewe ruhusa ya kucheza mchezo mzuri, kwani kumzuia na kumlemea kwa masomo daima huufisha moyo wake.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Mtoto hupewa vitu viwili viwili vinavyofanana, vikachanganywa, naye akatafuta pacha wa kila kimoja. Kwa kufanya hivyo hujifunza kutazama kwa makini na kupambanua, na hiyo ndiyo kazi itakayomkabili chuoni. Kwani bee, tee na thee zina umbo moja. Hutofautiana kwa nukta tu: moja chini, mbili juu, na tatu juu. Jicho lisilozoea kupambanua litazichanganya.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu yamtosha vipande vya nguo. Kanga huuzwa mbili mbili kwa doti, basi kila nyumba haikosi kuukuu zake. Kata vipande vya upana wa kiganja, ukunje pindo na kuzishona zisichanike. Tia na vya kitambaa kizito na cha laini, ili mtoto apambanue hata kwa kugusa. Vikichafuka, vifuliwe.

Mtoto wa miaka minne au mitano atengenezewe vibao. Mwombeni fundi seremala mabaki ya plaiwudi ya unene wa milimita 6. Kipande cha sentimita 25 kwa 30 hutoa vibao 12 vya sentimita 7 kila upande, navyo vyatosha herufi 6. Viringeni pembe, msugue kwa msasa mpaka kusibaki kibanzi cha kuchoma kidole. Andikeni herufi kubwa kwa rangi isiyo na risasi, na chini yake mpige mstari, ili mtoto ajue upande wa kusimamisha. Bila ya mstari huo kibao kikigeuka, nukta ya chini huwa juu. Ikikauka, pakeni vanishi mara mbili, mkiache kila mkono ukauke barabara, na harufu iishe kabla ya mtoto kupewa. Nyuma ya vibao vyote pawe sawa, ili baadaye vifunikwe na mtoto atafute kwa kukumbuka.

Asiyepata mbao atumie kadibodi ya maboksi. Gundisheni tabaka mbili, mifereji ya moja ikatize ya nyingine, mzilaze chini ya kitu kizito usiku kucha, hapo hazitapinda. Tumieni gundi ya mbao, msitumie uji wa unga, kwani huita mende na panya. Kisha mzibe kingo kwa utepe mpana, maana unyevu wa pwani huingilia kingoni.

Anzeni kwa jozi tatu za herufi zisizofanana, kama alifu, mimu na sini. Akizizoea, ndipo zitiwe ndugu wenye umbo moja. Akikosea msimcheke, wekeni vibao viwili pamoja, mwambieni ahesabu nukta. Akichoka, acheni. Na mkiona hufaulu kwa karibu na kushindwa kwa mbali, au huinamia kibao mpaka pua ikigusa, mpelekeni kwa daktari wa macho. Mchezo si kipimo cha hospitali, lakini humzindua mzazi.

Yapo mambo mawili ya kuchunga. La kwanza, wadogo hutia kila kitu kinywani. Basi msiwape vifungo, komwe, shanga wala betri ndogo za duara, ambazo zikimezwa huunguza koo. La pili ni adabu. Msiandike aya wala jina la Mwenyezi Mungu juu ya kitu kitakachokanyagwa. Hata herufi tupu, mchezo ukiisha, zikusanywe na mtoto mwenyewe, zitiwe mfukoni, zitundikwe ukutani. Kwa kufanya hivyo atajifunza heshima ya elimu kabla ya kuisoma.

Ninyi vijana, kazi hii ya jioni moja si ya mama peke yake. Wafanyieni wadogo zenu. Nasi walimu, kabla ya kuunyanyua mkono, tujiulize kwanza kama mtoto ameona.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atusamehe tulivyowakosea. Amin.