Bata Ana Macho Kuliko Wewe: Jinsi Boti Inavyovalishwa Majani

Msomaji wangu, usimdharau bata. Yule wa uani kwenu, anayetembea kwa kuyumba kama katoka kilabu cha pombe, huyo ni mwingine. Bata mwitu wa huku Marekani ni mjanja wa kupindukia. Baridi ikianza kuuma huko Kanada anafunga safari kuja kusini, na njia nzima kuna watu na bunduki zao wanamngoja. Mpaka atue hapa Maryland, kwenye ghuba ya Chesapeake, ameshaona mengi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona mbele, ubavuni na karibu nyuma yote bila kugeuza shingo. Rangi anaziona, tena pamoja na ule mwanga wa ultravioleti ambao mimi na wewe hatuuoni kabisa.

Mtu wa namna hiyo humwendei na boti ya alumini inayometameta kama sufuria mpya. Ndiyo maana wawindaji wa huku, kabla hawajafikiria risasi, hufikiria mavazi ya boti. Madukani yapo yaliyo tayari, ila bei yake usiulize. Wenye mfuko mwembamba, na wale wasiopenda kutengenezewa, wanajitengenezea wenyewe gerejini.

Jirani yangu ni mmoja wao. Mzee mstaafu, ana boti ya futi 14, chini bapa, pua yake imekatwa mraba. Kila Septemba gereji inageuka kiwanda cha majani, na ukitaka kujua ndoa za watu zinavumilia kiasi gani, tazama gari la mama mwenye nyumba likilala nje mwezi mzima ili nyasi zipate pa kukaukia. Mwaka jana nikaitwa kusaidia. Kazi yangu ilikuwa kufunga, na kunyamaza.

Kwa anayejua kushika msumeno, si kazi ya kumtoa jasho. Unatengeneza fremu nne za mabomba mepesi, mbili ndefu za ubavuni na mbili fupi za mbele na nyuma. Unazifunga kwa bawaba kwenye ukingo wa boti, zilale mkiwa safarini, zisimame mkishafika. Juu yake unatandaza waya wa banda la kuku au wavu mkuukuu wa samaki, kisha unafunga majani kitita kwa kitita, kingine kirefu, kingine kifupi, kimoja kimelala, kingine kimesimama. Mwili wa boti unapakwa rangi isiyong'aa, ile ya tope.

Hapo kwenye kimoja kirefu kingine kifupi ndipo wengi wanapochemsha. Mtu anakata majani yote sawasawa, anapanga kama ukuta, anasimama pembeni anajisifu. Bata akipita juu anaona mstari ulionyooka, na katika matete hakuna mstari ulionyooka. Ni umbo linalomtisha kuliko rangi. Baada ya umbo ni kivuli, yaani lile shimo jeusi katikati ya boti, na baada ya hapo ni nyuso. Mzee aliniambia nipande ngazi mpaka juu ya paa la gereji, yeye akakaa ndani ya boti akatazama juu. Jamani! Majani yote yale, lakini uso wake uling'aa kama sahani mezani. Nikamwambia mimi upande huo Mungu alishanisaidia. Akacheka sana, akasema jasho halina rangi, linang'aa kwa kila mtu. Kofia pana kichwani kwetu sote, na hakuna kuinua uso ndege wakizunguka.

Kosa jingine ni la wapenda kijani. Desemba huku kila kitu ni kahawia na manjano iliyochakaa. Ukitokea na boti ya kijani kibichi ni sawa na kwenda msibani na suti nyeupe. Dawa yake ni kuacha theluthi ya waya wazi, halafu ukifika unachomeka majani ya palepale. Ila matete makubwa ya huku ni mgeni mvamizi anayekula mabwawa ya watu, usiyabebe na mashuke yake ukaenda kuyapanda kwingine. Na mabua ya mahindi nayo yana kesi yake. Kujifichia mabua unaruhusiwa, lakini punje zikimwagika hapo, sheria inahesabu umeweka chambo, na chambo kwa bata ni marufuku nchi nzima.

Sheria zenyewe ni nyingi. Tangu 1934 kuna stempu ya bata ambayo kila mwindaji wa miaka 16 na zaidi lazima aikate. Ilianza kwa dola 1, tangu 2015 ni dola 25, na pesa zake zinanunua mabwawa ya ndege hao hao. Bunduki isizidi risasi tatu. Marisau ya risasi nyeusi yalipigwa marufuku 1991, siku hizi ni chuma. Boti ikiwa bado inasukumwa na injini, hupigi.

Ukali huu una chimbuko. Pale Susquehanna inapomwaga maji ghubani, wazee wa zamani walikuwa na kitu kama jeneza linaloelea. Mtu analala ndani, usawa wake na maji ni mmoja, pembeni kuna mbawa za mbao zilizokandamizwa na bata wa chuma, na mamia ya bata wa mti wamemzunguka. Bata halisi haoni kitu mpaka kashachelewa. Serikali ikakipiga marufuku mwaka 1935. New Jersey nako, fundi mmoja aitwaye Hazelton Seaman alishatengeneza mwaka 1836 kiboti cha chini chini, cha kufunikwa nyasi na kuburutwa juu ya tope. Mpaka leo kinaundwa.

Sasa nisikilize vizuri, maana haya hayasemwi sana kwenye maduka ya uwindaji. Ukifaulu kujificha kwa bata, umejificha kwa binadamu pia. Saa kumi na moja alfajiri, giza, boti nyingine inakuja kasi, na wewe ni kichaka. Majani yameziba hata taa zako. Mzee alisimamisha mti wenye taa nyeupe juu ya majani yote, na chini ya kiti kuna kitambaa cha rangi ya chungwa cha kupeperusha. Jiko la gesi la kuota moto hataki hata kulisikia. Nyasi kavu na moto, unataka nini tena?

Halafu uzito. Mzee alipima mavazi yote ya boti: kilo 27. Akayamwagia maji ya mpira, akapima tena: 41. Ongeza watu wawili, mbwa, injini, bata bandia dazeni tatu, halafu usome kile kibao ndani ya boti kinachosema inabeba kilo ngapi. Wengi hawakisomi. Na majani yakisimama, ujue umetweka tanga bila kutaka.

Wazee wa Minnesota hawasahau tarehe 11 Novemba 1940. Asubuhi joto, bata kibao, watu wakaingia mto Mississippi na vijaketi vyepesi. Mchana ukaja upepo na theluji ya ghafla. Zaidi ya watu 140 walikufa katika majimbo ya kati, na baadhi yao walikuwa wawindaji wa bata, waliokwama visiwani au waliozama na viboti vyao.

Wataalamu wa maji baridi wana hesabu yao: dakika 1 ya kurudisha pumzi, dakika 10 za mikono kufanya kazi, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Kwa hiyo fremu za mzee zimeshikwa na kamba yenye fundo la kuvuta. Ukivuta, ubavu mzima unaangukia nje. Boya tulilivaa toka ufukweni. Oktoba, maji yakiwa bado yanavumilika, alinifanyisha mazoezi penye kina cha kiuno: vuta, sukuma, toka. Mara sita. Watu wa ufukweni walidhani tunacheza sinema.

Tulitoka Desemba. Kufika saa tatu asubuhi tulikuwa na bata wawili, na upepo ukageukia kaskazini-magharibi. Mzee akatazama maji, akalaza fremu, akawasha injini. Boti nyingine mbili zilibaki, na jioni zilirudi salama, bata sita kila mtu. Kesho yake wenyewe walikuja kumtania pale gerejini. Hakuwajibu. Alikuwa anamnyonyoa wa pili, na gari la mama lilikuwa bado nje.