Miaka Miwili Bila Tone, Kisha Likizo

Asubuhi moja dada mmoja na dereva wa tuktuk walimwingiza mgonjwa katika kliniki yangu hapa Ganjoni wakiwa wamemshika kwapani. Jasho lilimtiririka, ulimi ulikuwa mzito, na pumzi yake ilinuka pombe.

"Daktari, huyu kalewa tu," alisema dereva.

"Mie namjua ndugu yangu akilewa," dada mtu akajibu. "Leo sivyo."

Nilimtoboa kidole. Sukari ilikuwa 1.7, ikishuka chini ya 4 kwa mwenye kisukari anayetumia dawa, sisi madaktari huanza kushtuka. Lau angeachwa alale hadi pombe imtoke, huenda asingeamka.

Bwana huyu, aliyeniruhusu kueleza kisa chake bila jina, huendesha lori Saudia. Ana kisukari, na alikuwa mlevi kabla ya kusafiri. Kule pombe ni marufuku, naye kwa miaka miwili hakugusa tone, akajihesabu amepona. Aliporudi likizo, marafiki walimwita maskani. Alikunywa usiku kucha bila kula, na alfajiri akameza tembe zake za glibenklamaidi na metformini, kwani hakutaka kukosa dawa!

Yafaa ieleweke kuwa glibenklamaidi huilazimisha kongosho itoe insulini, uwe umekula au hukula. Sukari ikipungua, ini hutoa akiba yake na kutengeneza nyingine. Lakini ini lenye pombe ya kuvunja hushindwa kutengeneza sukari. Hatari yaweza kuja saa nyingi baada ya glasi ya mwisho, na dalili zake, yaani jasho, kutetemeka, ukali na maneno ya ovyo, hufanana mno na ulevi. Metformini nayo ikikutana na pombe nyingi yaweza kuijaza damu asidi.

Tulimwekea dripu ya glukosi na kumlaza hadi siku ya pili, kwa sababu glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu. Alipopata fahamu aliniuliza, "Mbona kule niliweza?"

Kule chupa haikuwa karibu, wala hapakuwa na rafiki wa kumkaribisha. Hata hivyo, Ghuba nayo si ngome. Agosti 2025 huko Kuwait, ambako pombe pia hairuhusiwi, watu 23 walikufa kwa pombe ya magendo iliyokuwa na methanoli.

Mtu anywaye kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Aweza kupata kifafa. Aje hospitali apewe dawa za kumtuliza pamoja na vitamini B1. Walioacha nao hupenda kuhamia kwenye vitu vitamu. Kahawa tungu ya Mji wa Kale ni rafiki mwema, bali haluwa inayoandamana nayo mwenye kisukari aipite kando.

Mgonjwa wangu nilimbadilishia glibenklamaidi, nikamwandikia barua ya dawa zake, nikamwambia azibebe mkononi ndani ya ndege. Dada yake humpigia simu kila Alhamisi usiku, kwa vile Ijumaa hana kazi na ndipo upweke humzidi. Mimi amenipigia mara mbili. Mara ya pili alitaka kujua iwapo tende tatu ni nyingi.